Nusu ya Bwana Afya

Pilipili hoho ilikuwa imeshachemka mpaka imeachia ngozi, lakini Mama Chiriku hakuiepua. Aliibonyeza kwa mgongo wa kijiko, akahisi bado kuna kigumu kidogo karibu na kikonyo, akaifunika tena. Kando ya mlango, ndani ya kasha la mbao ambalo zamani lilikuwa la vifaa vya bomba, walikuwamo simbilisi wawili: vijinyama vya manyoya visivyo na mkia, vinene, vyenye masikio madogo yaliyokunjika. Mpaka alfajiri ile walikuwa watatu. Yule mweupe aliyeitwa Maziwa alikutwa amelala ubavu, midomo imegandamana, na Mama Chiriku alimzika mwenyewe nyuma ya choo kabla mumewe hajaamka.

Bibi, mama mkwe wake, alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mchicha. Meno yalikuwa yamemwisha ila ulimi ulikuwa mzima.

"Mwanangu, hiyo si mboga tena. Hayo ni maji ya kuoshea sufuria."

"Acha iive, mama."

"Imeiva tangu nina meno."

Mama Chiriku hakucheka. Aliiepua, akamwaga yale maji ya kijani kwenye karo, akaiponda hoho pamoja na karoti na mchicha uliochemshwa, akachanganya na pumba kidogo, akaviweka kwenye kifuniko cha kopo. Alipiga magoti mbele ya kasha. Mkaa, yule mweusi, hakuinuka. Miguu yake ya nyuma ilikuwa imevimba kwenye magoti, na alipoguswa alitoa mlio mwembamba wa kulalamika. Mama Chiriku alichota uji ule kwa kidole, akampaka mdomoni. Mkaa alilamba mara moja, akaacha.

Mwenzake, wa rangi ya kahawia na kidevu cheupe, aliitwa Bwana Afya. Alipewa jina hilo na Chiriku, kwa sababu hakuna chakula alichokipokea bila kukikagua. Alikuwa akikizunguka, ananusa pande zote, anarudi nyuma kana kwamba anaandika ripoti, na mara nyingi alikitia hatiani. Kabichi aliikataa. Tango alilikojolea. Karoti alikuwa haigusi mpaka Chiriku aing'ate kwanza, aitafune mbele ya uso wake, ndipo ampe kilichobaki. "Nusu yangu, nusu yako," mtoto alikuwa akimwambia, na mnyama akapokea. Siku hiyo Bwana Afya aliuzunguka ule uji, akamtazama Mama Chiriku, akarudi kwenye kona yake kutafuna nyasi kavu. Alitafuna upande mmoja tu, polepole, kama mzee mwenye jino bovu.

"Wanadeka," alisema Bibi.

"Hawadeki. Wanamngoja mwenyewe."

Bibi aliinamia mchicha wake. Mjukuu wake, Chiriku, alikuwa amezikwa kabla ya mwezi uliopita kuandama, na tangu hapo kulikuwa na maneno ambayo yakitajwa nyumbani humo kila mtu alitafuta kazi ya kufanya.

Kuna bwana afya mwingine, wa kweli, mwenye kofia na begi, aliyekuja siku ya pili baada ya mazishi. Alimwaga dawa chooni, akaangalia mitungi, akauliza mtoto alikula nini siku ile kabla ya tumbo kuanza. Mama Chiriku alijibu kwamba alikula alichokula kila mtu, isipokuwa karoti. Alikuwa karibu kuitia sufuriani, mtoto akarudi kutoka shule akaiomba, naye akamwoshea bombani akampa. Mbichi? Mbichi. Yule bwana alitikisa kichwa, akasema basi ndiyo hiyo, na kwamba kuanzia siku ile kila kitu kichemshwe katika nyumba ile. Alisema kwa upole kabisa, akafunga begi akaenda nyumba ya pili. Hakujua alichokiacha nyuma yake. Tangu siku hiyo hakuna kibichi kilichopita mdomoni mwa mtu nyumbani humo, hata tunda. Mama Chiriku alichemsha nyanya, alichemsha matango, na alipowakumbuka wanyama wa mwanawe, aliwachemshia na wao. Aliwapenda, na mpaka hapo alikuwa hajui njia nyingine ya kumlinda anayempenda.

Fundi alirudi mchana, suruali imelowa mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa mabomba, na mtaa mzima ulimwita Fundi, hata mama yake. Alisimama mlangoni akalitazama kasha.

"Mmoja yuko wapi?"

"Amekufa."

Alivua viatu, akavipanga vizuri kuliko ilivyohitajika. Zamani alikuwa akimwita mkewe Mama Chiriku, kwa sauti ya kuchezea, akilivuta lile jina. Sasa jina lilimkwama. Watu mtaani waliendelea kulitumia kisha wakauma midomo. Yeye alikuwa ameliacha kabisa, na kwa kuwa hakupata jingine, alianza mazungumzo bila kumwita mtu.

"Kuna jamaa kazini anafuga hawa. Anao wengi. Amesema yuko tayari kuwachukua."

"Kuwachukua akina nani?"

"Hawa waliobaki. Anajua kuwatunza."

"Na mimi sijui?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema anajua." Alikuwa akikwangua kifuniko cha kopo, na aliendelea kukikwangua kilipokuwa kimeshang'aa. "Mimi nimeshindwa mtoto, sasa nimeshindwa hata panya. Sema tu."

"Si panya," alidakia Bibi, akitafuta mzaha wa kuwaokoa. "Huyo mwenye kidevu ana hadhi yake."

Fundi alitoka uani kunawa.

Na hapa ni lazima lisemwe jambo ambalo Mama Chiriku hakulijua. Si karoti iliyomwua Chiriku. Juma lile, bomba la mtaani lilipasuka pale linapopita juu ya mtaro wa maji taka, na Fundi ndiye aliyetumwa kuliziba. Kiungo kipya kilikuwa hakijafika. Msimamizi alimwambia azibe kwa muda, watarudi. Alikata mpira wa ndani wa tairi, akauzungusha, akaukaza kwa waya, akaona hauvuji, akaridhika. Hawakurudi, kulikuwa na bomba jingine limepasuka kwingine, na yeye mwenyewe alisahau. Maji yalipokuwa na nguvu mpira ulishika. Yalipokatika, bomba lilifyonza kilichokuwa mtaroni. Nyumba kadhaa za mtaa ule ziliharisha, zikapona. Nyumba ya Fundi haikupona. Siku bwana afya alipouliza kuhusu karoti, Fundi alikuwa amesimama mlangoni na spana mkononi, na alisikia kila neno. Alfajiri iliyofuata alikwenda peke yake akalifukua lile bomba, akafunga kiungo kipya alichokinunua mwenyewe. Mkewe alimwona akiondoka na sururu akadhani ameitwa kazini. Alijiambia atamweleza arobaini ikipita, kisha akajiambia atamweleza atakapopata nguvu kidogo, na kila siku aliyonyamaza iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na mwoga akikaa kimya sana hufanya yale yale ambayo mtu mbaya angefanya.

*

Kesho yake sokoni, muuza mboga alimwona Mama Chiriku kwa mbali akaanza kupanga hoho mbele.

"Karibu, mteja wangu wa heshima. Wale wakubwa wameamkaje?"

Mwanzoni alikuwa amedhani mzaha, mtu kununua hoho nyekundu kwa ajili ya wanyama. Alishazoea, ila hakuacha kutania. Mwanamke aliyekuwa akichagua vitunguu aligeuka.

"Anawapa nani hoho?"

"Ana simbilisi, dada. Wanakula hoho, karoti, kotimiri. Mimi hapa nauza, lakini nyumbani kwangu watoto wanaijua hoho kwa picha."

Wakacheka wote wawili, bila ubaya. Mama Chiriku alijaribu kutabasamu, uso ukakataa.

"Nataka inayolainika haraka," alisema. "Ile ya jana ilinichukua asubuhi nzima jikoni."

"Kulainika vipi?"

"Kuchemka."

Muuza mboga aliishika hoho mkononi akamwangalia. Alikuwa na la kusema, ilionekana, lakini alijua msiba wa mteja wake, na watu wanaojua msiba wako huogopa kukusahihisha hata ukivaa nguo nje ndani. "Zote ni sawa," alisema mwishowe, na akamwongezea fungu la kotimiri bila kulitaja.

Aliporudi nyumbani, Mkaa alikuwa akitetemeka na pua yake ina damu. Mama Chiriku hakutua hata kapu. Aliwafunga wote wawili kwenye khanga aliyokuwa akimbebea Chiriku mgongoni, akawalaza kapuni juu ya mboga, akatoka. Bibi alimwuliza anakwenda wapi.

"Kwa daktari."

"Wa watu?"

"Wa mifugo, mama. Bado sijachanganyikiwa."

*

Kwa daktari wa mifugo kulikuwa na benchi moja refu ukutani. Mwanamume mwenye mbwa mkubwa alisogea kumpisha, akachungulia kapuni.

"Hawa umewaleta kutibiwa, mama, au ni chakula cha njiani?" Alimpapasa mbwa wake kichwani. "Maana huyu ameshaanza kumeza mate."

Watu wa benchi walicheka. Mama Chiriku alivuta pindo la khanga akawafunika. Aliingiza mkono ndani ili wausikie, na chini ya kiganja alihisi pumzi mbili ndogo zikienda mbio, moja upande huu na nyingine upande ule. Foleni haikusogea. Akatoka mwenye kuku, akaingia mwenye mbuzi. Katikati ya hapo, upande mmoja wa kiganja chake ukatulia.

Alijua papo hapo. Alikwisha kuhisi utulivu wa namna ile chini ya mkono wake, hospitali, na mkono haukosei. Hakuondoa kiganja wala hakusema neno, kwa sababu yule mwenye mbwa alikuwa bado anatabasamu, na alihisi kwamba akitamka kwamba mmoja amekufa, mtu atacheka tena, na mtu huyo akicheka, yeye Mama Chiriku atapiga ukelele ambao hautakoma.

"Mwenye panya aingie," aliita kijana wa mlangoni.

Aliinuka na kapu lake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, macho yamechoka. Aliikunjua khanga, akamgusa Mkaa kidogo, akamweka pembeni na kumfunika uso kwa pindo, kama mtu. Mama Chiriku alimshukuru moyoni kwa hilo tu. Kisha daktari akamshika Bwana Afya, akamfungua mdomo kwa kidole gumba. Ufizi ulikuwa umevimba, una damu. Alipomgusa goti, mnyama alilia.

"Anakula nini?"

Hapa Mama Chiriku alijikaza, kwa sababu angalau swali hili alilimudu. "Simnyimi kitu, daktari. Pilipili hoho, karoti, mchicha, kotimiri. Kila siku nabadilisha. Na nyasi kavu, na pumba."

"Vizuri sana. Unampa mbichi?"

"Hapana. Nachemsha. Nachemsha mpaka vinalainika kabisa."

Daktari alimweka Bwana Afya mezani polepole.

"Tangu lini?"

"Tangu mwenyewe alipoondoka. Ni wa mwanangu."

"Sikiliza, mama. Kuna vitamini inaitwa C. Mbwa mwili wake unaitengeneza, mbuzi vilevile. Simbilisi hawezi, kama mimi na wewe tusivyoweza. Lazima aile kila siku kwenye mboga. Sasa moto unaiua, na ile inayobaki inatoka na maji ya sufuria."

"Yale maji nayamwaga."

"Ndiyo."

Nje mbwa alibweka.

"Kwa hiyo yule mweupe aliyekufa jana," alisema Mama Chiriku. "Na huyu."

Daktari hakumdanganya. "Hukujua," alisema.

"Kibichi ndicho kilichomwua mwanangu. Nilimpa karoti mbichi. Nikasema sitarudia. Wote hawa nikawachemshia, nikasimama jikoni mpaka miguu inavimba, kumbe na kilichochemshwa kinaua." Alisema bila kulia, kama anayetaka kuelezwa hesabu. "Sasa nifanye lipi, daktari? Niambie lipi ambalo haliui."

Daktari alivua glovu. Alikuwa na wateja nje, lakini aliketi.

"Pole sana. Karoti huwa haina neno, mama. Mara nyingi ni maji iliyooshewa. Wewe chemsha maji, yaache yapoe, oshea mboga hayo. Mboga yenyewe usiitie moto. Mpe kipande cha hoho kila siku, majani mabichi ya aina mbili tatu, karoti kidogo tu kama peremende, na nyasi zisikatike. Nitampa dawa kidogo sasa hivi, lakini haitoshi. Asipokula mwenyewe leo au kesho, tumbo lake litasimama, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya."

"Huyu anachagua."

"Mbembeleze. Ameumwa muda mrefu, kinywa kinamuuma. Mbembeleze."

Alirudi kwa miguu akiwa na mmoja hai na mmoja mfu ndani ya khanga moja. Njia nzima alikuwa akirudia neno moja alilolisikia, si la vitamini. Maji.

*

Fundi alikuwa uani, kwenye bomba, akijisugua mafuta mikononi kwa sabuni. Mama Chiriku alipita moja kwa moja mpaka kwake, kapu bado mkononi.

"Nataka kukuuliza kitu cha kazi yako."

Aliinua macho.

"Daktari anasema karoti haina neno. Anasema mara nyingi ni maji. Wewe ndiye fundi bomba. Siku ile maji yetu yalikuwa na nini?"

Fundi aliendelea kunawa. Povu lilikuwa limekwisha na mikono imeshakuwa safi, lakini aliendelea kuizungusha chini ya maji, kila mkono ukiuosha mwenzake.

"Funga bomba unijibu."

Alilifunga.

"Lilipasuka kule kwenye mtaro," alisema. "Juma lile. Mimi ndiye niliyeziba. Hawakuwa na kiungo, nikafunga mpira. Nikasema tutarudi." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Hatukurudi."

"Mpira."

"Wa tairi."

"Na asubuhi ile ulipotoka na sururu."

"Nilikwenda kufunga kiungo."

Mama Chiriku alitua kapu chini taratibu, asimtikise aliyemo. Alipoinuka, sauti yake ilikuwa ya chini, na Fundi angependa ipande.

"Bwana afya alipokuja, ulikuwa umesimama wapi?"

"Mlangoni."

"Ulisikia nilivyoulizwa."

"Nilisikia."

"Nikasema ni mimi. Mimi ndiye niliyempa. Nikasema mbele ya mama yako na mbele ya mgeni. Ukanisikia."

"Nilikusikia."

"Ukaniacha."

Fundi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi aliyokuwa ameyapanga kwa siku nyingi, kuhusu msimamizi, kuhusu viungo visivyofika, kuhusu jinsi alivyokunywa maji yale yale na yeye. Hakuna hata moja lililokuwa na maana sasa. "Niliogopa utaondoka," alisema.

"Niende wapi? Kaburi lake liko hapa." Alijifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayepangusa meza. "Kila siku naamka namwona ameshika ile karoti. Kila siku namnyang'anya. Naota namnyang'anya. Wewe unalala kando yangu, unanisikia nikilia, unageuka upande wa pili."

Hapo ndipo Fundi alipolia, kwa aibu, mabega yakimtikisika. Alinyoosha mkono. "Mama Chiriku," alisema, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Usiniite hivyo. Leo usiniite."

Bibi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, amesikia yote. Aliwatazama wawili hao, akashuka kizingiti kwa kujishikilia, akampita mwanawe bila kumgusa, akaokota kapu.

"Fundi," alisema, "mimi ndiye niliyekuzaa, na sina pa kukutupa. Lakini toka kidogo machoni pangu. Mzike huyu mweusi kando ya mwenzake. Hiyo ndiyo kazi yako ya leo."

Akaufungua uso wa Mkaa, akamtoa, akamkabidhi mwanawe kwa mikono miwili.

*

Mama Chiriku alichemsha maji, akayapooza kwa kuyamimina kutoka sufuria hii kwenda ile. Aliosha hoho nyekundu, akaiosha tena. Alipoikata ilitoa sauti ya kuvunjika ambayo alikuwa ameisahau, na harufu yake ikamjia puani, kali na safi. Kisu kikasimama kabla ya kipande cha pili. Kujua kwamba karoti haikuua ni jambo moja. Mkono ulikuwa bado haujaambiwa.

Aliketi sakafuni, akamtoa Bwana Afya kwenye kasha akamweka mapajani. Akamsogezea kipande. Bwana Afya alinusa. Alikizunguka kwa pua, upande huu na upande ule, masharubu yakimcheza. Kisha akageuza uso.

"Tafadhali," alimwambia.

Alijaribu kotimiri. Alijaribu karoti. Bwana Afya alinusa vyote kwa heshima, akavikataa vyote, akakaa anamtazama. Hakuwa na nguvu ya kukimbia wala nia ya kukimbia. Alikuwa anangoja kitu, na Bibi, kutoka kwenye kigoda chake, ndiye aliyekitaja.

"Mwonjee, mwanangu. Mwenzake alikuwa akimwonjea."

"Siwezi, mama."

"Najua."

Mama Chiriku alikiangalia kile kipande chekundu. Kulikuwa na siku ambazo alimchukia mnyama huyu, na hilo hakuwahi kumwambia mtu: alimchukia kwa sababu aliila nusu ya karoti ile ile na hakuumwa hata kidogo, akabaki na kidevu chake cheupe akitafuna nyasi huku mwanawe akibebwa. Sasa alikuwa mwepesi mapajani kuliko kitambaa alichofungiwa. Mbavu zake zilihesabika.

Akakipeleka mdomoni. Meno yakagoma, akayalazimisha. Kipande kilivunjika, utamu na maji vikamjaa kinywani, na koo likataka kurudisha. Alitafuna. Alitafuna mbele ya uso wa Bwana Afya, mdomo wazi, kama mtoto asiye na adabu, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni na kuingia kwenye chakula, na akameza. Halafu akamsogezea kilichobaki.

"Nusu yangu," alisema, ila maneno mengine hayakutoka.

Bwana Afya alinusa pale palipong'atwa. Akaking'ata. Alitafuna upande mmoja, akasimama kwa maumivu, akatafuna tena, na kila aliponyofoa aliacha alama ndogo ya damu juu ya hoho. Alikula mpaka alipofika kwenye vidole vyake.

Kupitia mlangoni ilisikika sauti ya jembe nyuma ya choo. Shimo la kimnyama kidogo kiasi kile halichukui muda, lakini Fundi alichimba na kuchimba, na hakuna aliyemwita aache.

*

Bwana Afya alipona. Ilichukua muda, na kila siku Mama Chiriku alilazimika kung'ata kwanza: hoho, jani la mchicha mbichi, kikonyo cha kotimiri. Uvimbe wa magoti ulishuka, manyoya yakalala vizuri. Watu wa nyumba hiyo walikula kwenye meza moja na kusemeshana mambo ya lazima. Fundi alilala sebuleni. Alikwenda mwenyewe nyumba zilizoharisha, mlango kwa mlango, akaeleza habari ya mpira. Wengine walimtukana, wengine walimpa kiti, na kazini walimwachisha. Mkewe alisikia habari hizo kwa muuza mboga. Hakumsifu wala hakumlaumu. Alipika chakula chake, akakifunika.

Jioni moja, saa watoto wanapotoka shule, walipita mtaani kwa kelele zao, na lango la jirani likagongwa. Ndani ya kasha Bwana Afya alinyanyuka kwa miguu ya nyuma, akaweka ya mbele juu ya ukingo, na akapiga mluzi. Ule mluzi mrefu wa kupanda, ambao simbilisi huupiga anapomjua anayekuja. Haukuwa umesikika nyumbani humo tangu msiba. Alipokuwa mgonjwa hakuwa na nguvu ya kumkumbuka mtu. Sasa alikuwa na afya, na kila kitu kilikuwa kimemrudia.

Bibi aliacha alichokuwa akifanya. Fundi, aliyekuwa akirekebisha mguu wa kiti, alibaki na nyundo hewani. Mnyama alipiga mluzi tena, macho mlangoni, kwa furaha tupu.

"Mfunike," alisema Fundi kwa sauti iliyopasuka. "Mfunike tu na kitambaa."

"Hapana," alisema Mama Chiriku. "Asifichwe."

Alimnyanyua, akamkumbatia kifuani, akaenda naye mlangoni akaufungua wote. Wakasimama pale, yeye na Bwana Afya, huku watoto wa watu wakipita na mikoba yao, mmoja mmoja, mpaka yule wa mwisho. Bwana Afya aliendelea kuita mpaka barabara ilipobaki tupu. Kisha akanyamaza, akanusa hewa, na Mama Chiriku akaendelea kumshikilia mlangoni hapo ili aangalie mwenyewe.